Maji Chini ya Kiti cha Mamkwe

Jumanne, baada ya sala ya alasiri, Bi Mardhiya aliteremka kwenye gari la mkwewe mbele ya nyumba yao ya Jadida, mjini Wete, akapiga hatua mbili, akasimama. Akalivuta pindo la buibui lake kwa nyuma, akalikamua. Maji yakachuruzika mpaka kwenye kandambili zake.

Hakupiga kelele. Bi Mardhiya hakuwa mtu wa kelele. Aliliachia pindo, akamgeukia binti yake Asma, aliyekuwa anateremsha vikapu vya sokoni, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Asma, mwambie mumeo buibui langu limerowa."

Mumewe Asma, Rajab Kificho, alikuwa amesimama papo hapo, hatua moja na nusu kutoka kwa mama huyo, funguo za gari mkononi. Alisikia kila neno. Lakini hivyo ndivyo walivyozoeana kwa miaka tisa. Ukiacha salamu za asubuhi na jioni, Bi Mardhiya hakumsemesha mkwewe ana kwa ana, wala Rajab hakumsemesha yeye. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima ya namna hiyo Bi Mardhiya aliichukua kwa mama yake huko Chokocho, naye hakuona sababu ya kuipunguza kwa vile tu watu siku hizi wana simu. Kila neno lilipitia kwa Asma, kama barua inavyopitia posta, hata kama mwandishi na msomaji wamekaa kwenye mkeka mmoja.

"Rajab," akasema Asma, "mama anasema buibui lake limerowa."

"Mwambie pole sana. Pengine ni chupa ya maji imemwagika."

"Mama, anasema pole, pengine ni chupa."

"Mwambie chupa haikuwamo." Bi Mardhiya alitia mkono ndani ya gari, akaligusa zulia chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, pale alipozoea kukaa yeye. Zulia lilitoa sauti ya tope. Akautoa mkono, akautazama, akauweka mbali na nguo zake. "Na muulize, yule mbuzi wa Hafiz alikaa wapi?"

Hapo Rajab alihisi masikio yake yanapata moto.

Mbuzi. Jumamosi iliyopita jirani yao Hafiz alikuwa na akika ya mtoto, na Rajab alimsaidia kumleta mbuzi kutoka Konde. Mnyama alisafiri kwenye buti, miguu imefungwa, chini yake gunia, akilia njia nzima kama anayepelekwa mahakamani. Lakini kukojoa hakukojoa. Walipofika, Rajab alilikagua gunia, akaukagua mpira wa buti, akaridhika.

"Mwambie mbuzi alikaa kwenye buti, juu ya gunia, na hakukojoa. Niliangalia mwenyewe."

"Mama, anasema..."

"Mwambie mbuzi haagi akitaka kukojoa," alisema Bi Mardhiya, akaingia ndani kwenda kulifua buibui lake mara tatu.

Wangekuwa watu wengine, shauri hili lingekwisha kwa sabuni ya unga. Lakini Bi Mardhiya alikuwa mtu wa tohara, usafi ule wa ibada. Kwa miaka thelathini aliwasomesha watoto Kurani, na kabla hajawafundisha alifu aliwafundisha kutawadha. Maji yasiyojulikana yametoka wapi, chini ya kiti, ndani ya gari lililopakia mbuzi, na mkojo wa mbuzi ni najisi: hayo hayakumpa raha hata kidogo. Jioni ile Asma alimletea mumewe hukumu jikoni, pamoja na chai.

"Mama hapandi tena gari yako mpaka ijulikane maji yale ni ya nini."

"Na Jumapili?"

"Ndiyo nakuuliza weye. Na Jumapili?"

Jumapili ndiyo iliyokuwa na kazi. Kaka yake Asma, Othman, aliyebaki Chokocho na mashamba ya wazee, alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja, Yumna, ambaye siku hiyo angehitimu msahafu wake. Alifu ya kwanza ya Yumna aliisoma kwenye mapaja ya Bi Mardhiya, kabla bibi huyo hajahamia Wete. Na mtoto alikuwa amesema, kwa ule ukaidi wa kwao, kwamba sura za mwisho hatazisoma mpaka bibi yake awe amekaa ubavuni mwake. Othman alikuwa na pikipiki tu. Gari za abiria Bi Mardhiya aliziacha tangu goti lianze kumsumbua. Kukodi gari la mtu mwingine ndiyo kabisa: ikiwa la mkwewe halijui, la mgeni atalijuaje? Ama atapanda gari la Rajab, ama atabaki Jadida siku ambayo mjukuu wake anahitimu.

Na Rajab mwenyewe alikuwa na lake lililomkereketa. Alikuwa ametoa kauli mbele ya mama wa mkewe, na kauli ile haikupokelewa. Babu yake alikuja Pemba kutoka bara kuchuma karafuu, akapapenda, akaoa, akabaki, na katika wosia wake wote kwa wanawe, uliokumbukwa zaidi ni kwamba mgeni hana mali nyingine ila ukweli wake. Ugeni ulikwisha vizazi viwili nyuma. Huo ukweli Rajab alikuwa bado anaushikilia kama hati ya shamba.

Asubuhi ya Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, alimngoja Shehe Haitham mlangoni mwa msikiti, akamweleza kisa chote. Shehe alimsikiliza bila kucheka, isipokuwa machoni.

"Uliona mkojo?"

"Sikuona."

"Ulisikia harufu yake?"

"Harufu ya mbuzi ilikuwamo, shehe. Ya mkojo haikuwamo."

"Basi maji hayo ni tohara mpaka upate yakini ya vingine. Mwambie mama apande gari."

Rajab alirudi nyumbani anatembea kama aliyeshinda kesi. Ujumbe ukapitia posta. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa.

"Mama anasema hukumu anaijua, keshaisomesha sana. Kupanda inafaa. Yeye tu ndiye hapandi."

Basi ilibaki kazi ya kuyatafuta maji yanakotoka, na kazi hiyo Rajab aliipokea kwa furaha, kwa sababu alikuwa fundi wa mafriji. Karibu na soko la Wete alikuwa na kibanda chake, kimejaa milango ya friji isiyo na friji na friji zisizo na milango, na kwa miaka kumi na tano alikuwa amepangusa kila aina ya maji yanayotiririka kutoka kwenye kitu cha baridi. Kwa fundi wa mafriji, maji yote ya duniani yana asili moja: mrija ulioziba.

"Ni AC," alimwambia Asma, kabla hata hajafungua mlango wa gari. "AC inatoa jasho. Jasho lina mrija wake wa kutokea nje. Mrija ukiziba, maji yanarudi ndani. Dakika kumi tu."

Alijilaza chini ya gari, akautafuta mrija, akaupuliza kwa mdomo. Haukupita pumzi. Akaingiza waya, akachokoa, na kweli kikadondoka kidonge cha udongo, nyumba ya dondora, yule nyigu wa kujenga kwa udongo, kigumu kama kokwa ya tende. Nyuma yake yakafuata maji kiasi cha kikombe cha kahawa.

"Nimeyapata!" alipiga kelele kutoka chini ya gari. "Asma! Mwambie mama nimeyapata! Ni dondora!"

Bi Mardhiya alitoka mpaka barazani. Alikitazama kile kidonge cha udongo kwenye kiganja cha binti yake, akakigeuza kwa kidole.

"Mwambie Mungu ambariki," alisema. "Tungoje mvua."

Ilikuwa ni masika, na masika hayangojwi sana. Mvua ilinyesha alasiri ile ile, ikanyesha tena alfajiri, na asubuhi ya Alhamisi Rajab alipolibonyeza zulia la nyuma, lilimjibu kwa sauti ile ile ya tope. Safari hii alichovya vidole, akanusa. Akanusa tena. Harufu ya ukungu, ya kitambaa kilichovunda, ya vumbi. Mbuzi hakuwamo.

"Asma, njoo unuse."

"Sinusi!"

"Nusa, uwe shahidi."

"Mie ni posta tu," alisema Asma. "Kunusa sikuajiriwa."

Ikabidi apunguze ujuzi wake, aende kwa mwenye ujuzi. Nyange alikuwa fundi gari, na gereji yake ilikuwa uwanja mtupu wenye kivuli cha mapaa mawili ya bati. Yeye na Rajab walisoma pamoja, na tangu shule Nyange hakuwahi kumwacha apite bila kumtania.

"AC?" Nyange aliweka spana chini ili acheke vizuri. "Yakhe, AC iko mbele. Maji yako nyuma. Yametembea vipi? Yalifungua mlango, yakakaa kiti cha nyuma kama abiria?"

"Mrija ulikuwa umeziba kweli."

"Mrija umeziba kweli, na maji yanatoka pengine kweli. Friji ina mlango mmoja, bwana. Gari ina mitano."

Alifungua bodi ya ndani ya mlango wa nyuma wa kushoto. Alieleza, huku akichomoa vibanio kimoja kimoja, kwamba maji ya mvua huingia ndani ya mlango wowote ule kupitia kwenye kioo, na kazi ya kuyazuia yasiingie kwa watu ni ya karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya bodi. Ikibanduka, abiria anaoga. Karatasi waliikuta nzima, imebanwa vizuri. Wakalimwagia gari maji kwa mpira. Waliumwagia mlango wa kushoto, wakaumwagia wa kulia, wakakimwagia kioo cha nyuma, wakazimwagia taa. Rajab alijikunja ndani kwenye sakafu, tochi mdomoni, akingoja tone. Hakuona tone.

"Tumwagie na juu," alisema.

"Juu kuna nini? Paa ni bati moja zima, halina dirisha, halina mlango. Maji yatapita wapi, kwa ruhusa ya nani?" Nyange alifunga mpira. "Sikiliza, mie nna dawa ya hakika. Toboa tundu moja hapo chini kwenye sakafu. Yakiingia yatatoka. Watu wengi wamefanya hivyo."

Rajab alilifikiria kwa kitambo kidogo, kwa sababu alikuwa amechoka na shingo ilikuwa imemkaza. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama hataki yatoke. Anataka kujua yametoka wapi."

"Basi mwenye gari ni mama," alisema Nyange, "na fundi ni mbuzi, maana yeye ndiye peke yake aliyekuwa nyuma." Akacheka mpaka akashikilia boneti.

Ijumaa ikafika. Zilibaki siku mbili, na gari lilikuwa limeanza kunuka. Si harufu kali, ila ile ya shuka iliyosahauliwa kwenye beseni. Baada ya sala ya Ijumaa Rajab alirudi, akaketi kwenye ngazi ya baraza, kanzu ameikunja magotini, akalitazama gari lake kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekataa kusimama. Bi Mardhiya alikuwa upande wa pili wa baraza, anasuka ukili, ukanda mrefu wa miyaa ukimshukia mapajani. Tangu Jumanne alikuwa amesuka mwingi kuliko kawaida. Begi lake la safari lilikuwa tayari ndani, limefungwa, na hakuna aliyethubutu kulizungumzia.

Asma alitoka na chetezo. Kila Ijumaa alizifukiza nguo za nyumba nzima, na safari hii makaa yalikuwa bado mekundu.

"Kama hatujui maji," alisema, "angalau tuondoe uvundo."

Aliweka sinia lenye mchanga kwenye sakafu ya mbele ya gari, juu yake chetezo, akatia udi, akatia na ubani kidogo. Rajab aliwasha gari, akaifungua feni mpaka mwisho ili moshi ufike kila pembe, akapandisha vioo, akafunga milango. Ndani mukawa mweupe kama maziwa.

Haikuchukua muda, moshi ukaanza kutoka nyuma, chini ya bampa, mzito, wenye harufu nzuri. Hafiz alikuwa anapita njiani na mkate wake. Akasimama.

"Rajab! Gari yako yaungua!"

"Haiungui. Yafukizwa."

"Yafukizwa?" Hafiz alisogea, akanusa. "Kwani inaolewa?"

"Nenda zako Hafiz, na mbuzi wako."

"Mbuzi keshaliwa, yakhe, na weye ulikula ini."

Rajab alipiga magoti nyuma ya bampa, akaona moshi unatokea kwenye vijitundu viwili vyenye vifuniko vya mpira laini. Akashusha pumzi. Hivyo alivijua. Gari lolote lina tundu za kupumulia, ili mtu akifunga mlango hewa ipate pa kutokea, na hizo ziko chini, maji hayawezi kupanda mpaka huko. Alikuwa anajiinua, kukata tamaa kumeshamjaa kifuani, aliposikia sauti ambayo hakuitambua upesi.

"Rajab! Juu! Tazama juu ya paa!"

Aligeuka. Asma naye aligeuka, na Hafiz, aliyeujua utaratibu wa nyumba ile kama jirani anavyoujua, alifunga mdomo wake. Bi Mardhiya alikuwa amesimama. Ukili ulikuwa umemwanguka miguuni. Alikuwa amenyoosha kidole.

"Hapo, juu ya mlango wa nyuma! Huoni? Uzi wa moshi!"

Kutoka pale alipokuwa amekaa, juu ya baraza, alikuwa anaona kile ambacho mtu aliyesimama chini hawezi kukiona. Rajab aliburuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akapanda juu yake kwa kanzu yake ya Ijumaa. Ukingoni mwa paa, upande wa kushoto, kulikuwa na doa la rangi lililopasuka, si kubwa kuliko kifungo cha shati. Katikati ya ule mpasuko moshi ulikuwa unapanda taratibu, mwembamba, ulionyooka, kama unaotoka kwenye sindano.

Akaligusa doa kwa kidole. Moshi ukakatika. Akaondoa kidole. Ukarudi.

Kisha akajipiga paji la uso.

"Nini?" aliuliza Asma.

"Keria ya mizigo."

"Keria gani? Gari haina keria."

"Ilikuwa nayo. Miaka mitano nyuma. Nilitoboa mwenyewe, tundu nne, kwa drili ya kazini. Nikaitumia siku moja, nikaivua, nikaziba kwa gundi, nikapaka rangi."

"Siku moja? Ukatoboa paa la gari kwa ajili ya siku moja? Ulibeba nini?"

Rajab aliteremka kutoka kwenye kibao, akaanza kukipangusa vumbi kwa bidii isiyohitajika.

"Kitanda," alisema.

Asma alikumbuka, na kama Asma alikumbuka, mama yake alikuwa ameshakumbuka. Bi Mardhiya alipohamishwa kutoka Chokocho baada ya mumewe kufariki, alikubali kuacha kuku, akakubali kuacha nyumba, lakini kitanda chake cha mninga, alichozalia watoto wote, hakukubali kukiacha. Hakuna gari la mizigo lililopatikana siku ile. Kitanda kilifika Jadida juu ya paa la gari hili hili jeupe, miguu minne imeelekea mbinguni, na Bi Mardhiya alikilalia usiku huo huo bila kuuliza kimefikaje.

Sasa alikuwa anaiokota miyaa yake iliyomwagika. Aliikunja polepole sana.

"Asma," alisema mwishowe, sauti imerudi kwenye upole wake, "lete birika la maji ya kutawadhia. Tuone."

Kuona kwa moshi hakukumtosha. Alitaka kuyaona maji yenyewe. Rajab alilibandua ganda la plastiki linalofunika nguzo ya nyuma ya mlango, akakivuta kitambaa cha dari mpaka kikaachia upenyo wa kuingiza vidole. Asma aliingia ndani na tochi. Hafiz aliweka mkate wake kwenye baraza akalishika birika, maana alikuwa mrefu kuliko wote na alikuwa amekataa kuondoka.

"Mwaga taratibu," alisema Rajab. "Kama mvua ya rasharasha."

"Mvua yenyewe weye huijui, mie naijua."

"Bado," alisema Asma kutoka ndani. "Bado. Bado... ngoja. Ngoja! Linakuja!"

Tone lilichungulia juu kabisa, pale dari inapokutana na nguzo. Lilining'inia kidogo, likaamua, likateleza ndani ya nguzo, likafuatwa na jingine, na jingine, na yote yakapita njia moja, gizani nyuma ya ganda, moja kwa moja mpaka chini ya zulia, kwenye kiti cha nyuma cha kushoto.

Bi Mardhiya alishuka ngazi za baraza, mkono mmoja kwenye goti. Akainama mlangoni bila kupanda, akakinga kiganja chini ya nguzo. Likaanguka tone. Akalitazama. Akalinusa. Likaanguka la pili juu ya la kwanza.

Watu watatu walikuwa wanamngoja, na birika linatiririka bure.

"Asma," alisema, "mwambie mumeo, mbuzi kweli hakukojoa."

"Rajab, mama anasema..."

"Nimesikia," alisema Rajab. "Mwambie ahsante."

Jumamosi asubuhi alizifungua tundu zote nne, kwa kuwa moja ikipasuka leo tatu zitapasuka kesho. Kila moja aliikwangua kutu, akaivalisha mpira na bolti fupi, akaizungushia silikoni. Nyange alikuja kusaidia, yaani alikaa kwenye tofali na kumweleza kila mpita njia kwamba yeye alisema tangu mwanzo kuwa ni paa. Zulia na sponji yake vilitolewa nje. Bi Mardhiya aliagiza vifuliwe mara tatu, na alipoulizwa kwa nini, ikiwa maji yalikuwa ya mvua, alijibu kwamba ya mvua yalikuwa, lakini buti ni buti na mbuzi ni mbuzi.

Vikaanikwa juu ya ua. Jua likatoka, likawapa matumaini mpaka saa sita, kisha likaondoka kama lililoitwa. Mvua ikanyesha mpaka magharibi. Rajab alivipeleka mbio kibandani kwake, akavisimamishia feni mbili, lakini alfajiri ya Jumapili sponji ilikuwa bado inatoa maji ukiikamua.

"Tutakwenda bila zulia," alimwambia Asma. "Chini bati tupu. Sijui kama mama..."

Bi Mardhiya alikuwa tayari ameketi. Alikuwa amepanda mwenyewe, begi mapajani, na chini ya miguu yake, juu ya bati tupu, alikuwa ametandika kipande cha mkeka.

"Mwambie mumeo," alisema, "tunachelewa."

Walipofika Chake, mvua ikaanza tena. Walipoiacha barabara kubwa kuelekea Chokocho ilikuwa haionyeshi mbele, vipangusio vinakwenda mbio na havishindi. Rajab aliendesha huku jicho moja liko kwenye kioo cha kutazamia nyuma, na hakuwa anatazama barabara ya nyuma. Alimwona Bi Mardhiya ameegemeza kichwa, midomo inatikisika kwa dhikri. Kila baada ya muda mkono wake ulishuka taratibu kando ya kiti, ukapapasa mkeka, ukapanda. Ukashuka tena kwenye mlima. Ukashuka tena walipokata kona ya mwisho. Kila ulipopanda, aliupangusa kwenye kanga, kwa mazoea, ingawa hapakuwa na cha kupangusa.

Gari halikuweza kufika mpaka mlangoni kwa Othman. Njia ilikuwa imegeuka mto. Walisimama hatua hamsini kutoka kwenye nyumba, na kutoka hapo waliona turubai limefungwa uani, wanawake wamejaa chini yake, na mtoto mwembamba wa buibui jipya amesimama kizingitini, ameukumbatia msahafu, anatazama njia.

"Ngoja mama, nikatafute mwavuli kwa Othman," alisema Asma.

"Ungoje weye." Bi Mardhiya alifungua mlango, akashusha mguu mzima, kisha ule wa goti bovu. Mvua ikampiga kichwani, mabegani, mgongoni. Kabla hajapiga hatua kumi buibui lilikuwa limemganda mwilini na maji yanamtiririka mpaka ncha za vidole. Rajab alitoka mbio, akamfuata na gunia tupu alilolikuta kwenye buti, akijaribu kumkinga, akijua kabisa ni gunia gani.

"Mama, samahani, utarowa wote! Ungesubiri kidogo!"

Bi Mardhiya alisimama katikati ya njia. Alilitazama gunia, akamtazama mkwewe. Kisha akacheka, kicheko cha msichana, akakiinua kiganja chake kikajaa maji.

"Niache nirowe, Rajab," alisema. "Haya nayajua yanakotoka."

Akaendelea na safari yake kwenye tope, akichechemea, na Yumna akatoka mbio kizingitini kuja kumpokea.